Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nini kinamfanya mwanafunzi wa unesi afaulu?

Haya maswali nimeyaokota kwa wanafunzi wanaoletwa wodini kwetu kila semista, mengine nimeulizwa chai ya saa nne, mengine saa nane usiku leba imetulia. Mi ni nesi, nilisoma stashahada ya uuguzi na ukunga miaka 3 hapa hapa Tanzania, saivi wanafunzi wakija praktiko, yaani mafunzo ya vitendo wodini, ndo nakabidhiwa mimi. Majibu ni ya kwangu, mkufunzi wako akikwambia tofauti kabishaneni huko huko.

Unesi sikuupenda, alama tu ndo zilinileta. Naweza kufaulu kweli?

Unaweza, na wala hauko peke yako. Waulize wenzio kimya kimya, utakuta huyu aliomba udaktari akakosa, yule shangazi ndo alijaza fomu, mwingine alikuwa na D zake 4 zenye baiolojia, kemia na fizikia akaambiwa hapa unaingia basi akaingia. Mi mwenyewe nilitaka famasia. Mwaka wa kwanza wote nilisoma kama mtu anayelipa deni ambalo hakukopa yeye.

Kilichonigeuza ni kanula, kile kimrija cha kuingizia maji kwenye mshipa. Tulipangwa wodi ya watoto, akaletwa mtoto wa miaka miwili kaharisha mpaka macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta inabaki imesimama, mshipa hauonekani, wakubwa wawili wameshajaribu wamekosa, sista mmoja akanitazama akasema we si ulikuwa unachezea ule mkono wa plastiki chuoni kila jioni, hebu njoo ujaribu mara moja tu. Nikajaribu, damu ikarudi kwenye kanula, tukafungua ringa, yale maji ya dripu yenye chumvi. Kesho yake asubuhi nakuta mtoto anakunywa uji na ananinunia kwa sababu ananikumbuka.

Usiku ule nilifungua daftari la maji na chumvi za mwili bila kusukumwa na mtu. Nilitaka kujua kwanini yule mtoto wa kilo 10 alipewa mililita 300 nusu saa ya kwanza halafu 700 kwa masaa mawili na nusu, kwanini sio zote kwa mpigo, na angekuwa hajafikisha mwaka 1 tungechukua masaa mangapi (ni 6: saa 1 ya kwanza, halafu 5). Hayo yote tulishafundishwa na nilishayajibia mtihani, ila sasa yalikuwa na sura ya mtu.

Kwaiyo ndo jibu langu kwa swali hili na nusu ya maswali yanayofuata: hamu ilikuja baada ya kuweza, haikutangulia. Ukikaa kusubiri uupende unesi ndo usome, utasubiri mpaka mahafali ya wenzio.

Lakini si tunaambiwa unesi ni wito?

Tunaambiwa, siku ya kuwashiwa mishumaa na kula kiapo wazazi wanalia, Mei 12 tunaimba na kuandamana kwa sababu ndo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwanzilishi wa unesi wa kisasa, mwaka 1820. Sawa. Lakini watu wamemkariri yule mama na taa yake tu, wanasahau alikuwa mtu wa takwimu, alikaa na daftari akahesabu vifo vya askari wa vita ya Crimea, akachora michoro ya kuonyesha kwamba walioondoka kwa magonjwa ni wengi kuliko waliouawa na majeraha, ndo akawashika wakubwa wa serikali ya Uingereza. Wito wake ulikuwa na hesabu ndani.

Binafsi nalihofia kidogo hili neno. Nimeona mwanafunzi mwenye wito mpaka unamwagika, analia na kila mgonjwa, ila hajui kusoma chati ya joto na presha. Na nimeona mwingine mkimya, hana maneno ya wito kabisa, akipita kitandani lazima aangalie dripu imeisha au bado. Mama yangu akilazwa nampa huyo wa pili.

Mi nasoma ili nipate ajira nisaidie nyumbani. Hiyo motisha ni mbaya?

Sio mbaya, nani kakwambia. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wamefanya kazi miaka mingi juu ya kitu gani kinamsukuma binadamu, na wanasema msukumo unaodumu unakula vitu vitatu: mtu kuona anaamua mwenyewe, kuona anaiweza kazi, na kuona ana watu wake pale alipo. Hela na kusaidia nyumbani haviko nje ya hapo moja kwa moja. Ukiwa umeamua mwenyewe kwamba nataka kumtoa mdogo wangu kimasomo na njia yangu ni hii, hiyo ni yako, umeichagua. Shida ni pale hela inapokuwa sababu ya mtu mwingine, baba anataka, mjomba kasema unesi una ajira, we unaburuzwa tu. Utaamka asubuhi kwenda kipindi, ndio, ila moduli (somo) ikiwa ngumu hakuna cha kukushika.

Ajira zenyewe ziko wapi? Naona dada zetu wamemaliza wako mtaani

Hapa siwezi kukudanganya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na bado kulikuwa na upungufu wa milioni 5.8, na sehemu kubwa ya huo upungufu ni Afrika na kanda ambayo shirika hilo linaiita Mediterania ya Mashariki. Sasa unajiuliza wodini nesi mmoja ana wagonjwa 40 halafu nesi mwingine anauza vocha, inakuwaje? Inakuwa hivi, upungufu unahesabiwa kwa wagonjwa ila ajira inatolewa kwa bajeti. Nafasi za TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri) zikitangazwa wanaomba wengi kuliko zilizopo, kwaiyo watu wanapita kwenye kujitolea, hospitali za mashirika ya dini, zahanati binafsi zenye mshahara wa kusikitisha, wengine wanarudi kusoma digrii, wachache wanatafuta njia ya nje.

Ninachoweza kusema ni kwamba anayekumbukwa wodini anaitwa. Nafasi ya kujitolea ikitokea inchaji, yaani nesi mkuu wa wodi, hafungui faili la matokeo yako, anasema yule binti aliyekuwa anawahi zamu yuko wapi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na moto, saivi mwaka wa pili sijisikii hata kufungua daftari. Nina tatizo?

Huna, ni mwaka wa pili tu. Mwaka wa kwanza kila kitu kipya, koti jeupe, picha za profaili, nyumbani wanakuita dokta. Mwaka wa pili koti limefubaa, ada ya semista haijaisha, asainimenti zimegongana na zamu za usiku, na ule mwisho wa kozi haujaanza kuonekana. Usijilazimishe kurudisha moto wa mwanzo maana ule ulikuwa wa ugeni. Chagua ujuzi mmoja tu mwezi huu ukamate vizuri kuliko darasa zima, labda kupima mimba kwa mkono na kusikiliza mapigo ya mtoto, labda kufunga kidonda, mpaka wenzio wawe wanakuja kukuuliza wewe. Mtu akiulizwa na wenzie anasoma, hata kwa kuogopa aibu.

Wodini nafokewa mbele ya wagonjwa, natamani kuacha. Nifanyeje?

Hili ndo linaloua wanafunzi wengi kuliko mitihani na linaniuma kwa sababu wanaofoka ni sisi. Nilipokuwa mwanafunzi kuna hospitali, sitaitaja, niliitwa "we mwanafunzi" wiki 6 nzima, hakuna hata mmoja aliyeuliza jina langu, na siku moja nilipomwaga trei ya vifaa nikaambiwa mbele ya wodi yote kwamba watu kama mimi ndo wanaua wagonjwa. Nilijifungia chooni. Nikarudi hosteli nikamwambia rumeti wangu kesho siendi, akanambia usipoenda logibuku yako (daftari la kusainiwa kazi ulizofanya wodini) nani atasaini, basi nikaenda. Sio ujasiri, ni saini.

Baadae nikajifunza vitu viwili vitatu. Wahi hendova (makabidhiano ya zamu), dakika 15 kabla, maana ukifika ripoti imeshatolewa we ni mzigo siku nzima, hujui nani kafanyiwa nini. Ukitaka kujifunza usiseme "sista naomba unifundishe", sista ana vitanda 40, hawezi, mwambie "sista naomba nikusaidie kubadilisha kile kidonda cha kitanda cha 7 halafu unikosoe", hapo umempunguzia kazi na umejifunza. Na mtafute mtu mmoja, mmoja tu, ambaye hafoki. Kila wodi anaye, mara nyingi ni yule mhudumu wa afya wa siku nyingi au nesi wa zamu ya usiku, mfuate huyo. Lile jambo la tatu la Deci na Ryan, kuwa na watu wako, mwanafunzi linamuokoa zaidi wodini kuliko darasani.

Ila kutukanwa, kupigwa au kuombwa vitu vya ajabu ili usainiwe, hiyo sio kufokewa tena. Andika tarehe na saa, mwambie mkufunzi wa praktiko na matroni, nenda na mwenzio mmoja.

Na nyie manesi mnaotusimamia, mnajua mnavyotuvunja moyo?

Wengine tunajua. Tukishindwa kufundisha tuwaite angalau kwa majina.

Nimepata sup (mtihani wa kurudia) moduli mbili. Naogopa kudisko (kuondolewa chuo)

Kwanza lia, kisha nenda kaombe uoneshwe ulikosa wapi. Watu wengi wanapata sup wanarudi kusoma kila kitu kutoka mwanzo, ukurasa wa kwanza, anatomia ya seli, wanachoka kabla hawajafika kwenye shida yenyewe. Sup nyingi ninazoziona zina mzizi mmoja kati ya hii: hesabu za dawa, lugha ya swali, au mtu hakufikisha alama za majaribio ya ndani kwa sababu alikuwa hatokei. Ya tatu haina dawa ya kitabu. Ya kwanza na ya pili naziongelea hapa chini.

Hesabu za dawa zinanitoa jasho, kuna namna?

Ipo na ni moja tu, piga hesabu 3 kila siku kabla ya kulala kama unavyopiga mswaki. Dozi inayotakiwa gawanya kwa dozi iliyopo zidisha kwa ujazo wake, kwisha. Dripu nayo: lita 1 ya maji kwa masaa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, unachukua 1000 mara 20 unapata 20,000, unagawanya kwa dakika 480, inakuja 41 na point, unasema matone 42 kwa dakika. Halafu nenda kitandani na saa uhesabu matone kweli, usiishie kwenye karatasi, ukiyaona yanadondoka hiyo fomula haikutoki tena mpaka unazeeka.

Mara ya kwanza uliyoogopa hesabu labda ni darasa la tano, mwalimu na fimbo. Hiyo hofu ndo umeibeba mpaka wodini, ila nesi hawezi kutoroka hesabu, sifuri moja ikikosewa kwa mtoto mchanga ni dozi mara kumi.

Nasoma sana ila sikumbuki. Wenzangu wanakesha na kudesa wanafaulu

Ukisema unasoma sana unamaanisha unarudia kupitia notsi na kalamu ya rangi, au? Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, kundi moja likarudia kusoma, lingine likasoma likafunika na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki 1 mambo yakageuka, waliojijaribu ndo walikumbuka zaidi. Ndo maana yule anayekesha anakuona mjinga usiku wa mtihani, mkikutana wodini miezi mitatu baadae hajui chochote.

Funika daftari, ongea kwa sauti. Mfundishe rumeti hatua za kumsaidia mtoto asiyelia akizaliwa: mkaushe, mpe joto, msisimue, akiwa bado hapumui mpumulie kwa begi na maski ndani ya dakika 1 ya kwanza. Pale unapokwama ndo pa kusoma.

Kiingereza kinaniangusha, swali naelewa likitafsiriwa

Pole, na hii haisemwi vya kutosha. Mtu anajua kabisa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anafanyiwa nini, ukimuuliza kwa Kiswahili anatiririka, karatasi inakuja na Kiingereza anaganda. Sio ujinga. Fanya hivi, kila moduli tengeneza daftari la maneno ya maswali, sio ya magonjwa, maana ya magonjwa unayajua: eleza, orodhesha, tofautisha, toa sababu, taja kwa kipaumbele. Wanafunzi wanaandika orodha nzuri kwenye swali lililotaka sababu, sifuri. Na soma Kiingereza fikiri Kiswahili, mgonjwa wako atakuambia "nasikia kichomi", hatakuambia jina la ugonjwa.

Nimefiwa na mgonjwa mikononi, siku tatu silali

Wa kwanza huwa hasahauliki. Wangu alikuwa mzee wa wodi ya wanaume, alikuwa ananiita mjukuu na ananiwekea ndizi kwenye kabati, nikaingia zamu ya asubuhi nikakuta pazia limezungushwa. Nilimsaidia nesi kumuosha na kumfunga, mikono inatetemeka, yule nesi hakunihutubia, aliendelea kuongea na mzee kama yuko hai, "babu tunakugeuza kidogo". Nadhani siku ile nilijifunza unesi kuliko mwaka mzima.

Ongea na mtu, rumeti, mkufunzi, mlezi wa chuo, kiongozi wako wa dini. Usikae nayo. Ikizidi wiki mbili huli, hulali, unaota yale yale, nenda kitengo cha afya ya akili kama mgonjwa mwingine yeyote, sisi ndo tunawaambia watu waende halafu wenyewe tunaona aibu.

Na upande mwingine wa hiyo hiyo: utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania, ule wa 2022 ukatoa 104. Kuna mambo mengi nyuma ya hiyo tofauti, barabara, dawa, vituo vya upasuaji, ila kwenye kila kitanda cha leba palisimama mkunga. Mi siku nikichoka nafikiria hiyo namba zaidi kuliko mshumaa.

Mwanaume kusoma unesi, nachekwa mtaani

Utachekwa mwaka mmoja halafu watakuja na vyeti vya hospitali uwasomee. Wagonjwa watakuita dokta hata ukikataa, wasichana wenzako wodini wataitwa sista na watakuwa wanajua zaidi yako, hiyo nayo inakera upande wa pili. Mwanaume anayefaulu ni yule aliyeacha kujieleza kila saa kwamba baadae atasoma udaktari.

Ada na njaa. Naomba jibu la kweli sio maneno ya kutia moyo

Jibu la kweli, mtu mwenye njaa hahitaji motisha anahitaji ugali. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kutoa mikopo kwa stashahada kwenye fani za kipaumbele na afya imo, kwaiyo dirisha likifunguliwa omba mapema, hakikisha namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na vyeti vya kuzaliwa viko sawa maana wengi wanakwama hapo, herufi moja ya jina. Ongea na mhasibu wa chuo kabla ya mtihani na sio mlangoni mwa mtihani. Changeni kupika hosteli watu wanne wanne. Na vibarua vya zahanati usiku kabla hujapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, usithubutu, najua inatamanisha, ikitokea shida mwenye zahanati atakukana.

Mimi ni mzazi, nimsaidieje mwanangu?

Mzazi wangu shikamoo. Akipiga simu usiulize matokeo kwanza. Muulize wiki hii umejifunza kufanya nini, akueleze, hata kama huelewi. Na usimtangaze kwa majirani kama daktari wa familia, anapigiwa simu za presha na sukari usiku wa mtihani.

Nina watoto, nimefanya kazi miaka kumi na cheti, nimerudi kusoma. Nitaweza na hawa watoto wadogo?

Utawaacha mbali wodini na watakuacha mbali kwenye kompyuta, badilishaneni. Wanafunzi wa kujiendeleza ndo ninaowaonea wivu, kila wanachofundishwa wameshakiona kwa macho, ni kama mtu anapewa jina la mtu anayemfahamu siku nyingi. Kazi ni kuacha mazoea, "sisi kule tulikuwa tunafanya hivi", hiyo sentensi inafelisha watu.

Kesho naanza praktiko ya kwanza, nibebe nini?

Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, sio simu. Kalamu mbili ya bluu na nyekundu, na nyingine moja ya kuibiwa na daktari. Kidaftari cha mfukoni. Viatu vilivyofungwa mbele ambavyo umeshavivaa wiki nzima. Kunywa chai kabla hujatoka, wanaozimia kwenye kidonda cha kwanza mara nyingi hawajala, na ukihisi kizunguzungu kaa chini hapo hapo sakafuni, usijikaze, sisi wote tulishakaa.